Fungua saloni, Mama Plamedi

Lubumbashi, mwezi wa saba

Mpendwa Mama Plamedi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema nyumba ya Kolwezi ni kubwa, ina marumaru mpaka jikoni, lakini tangu mhamie moyo wako ni mzito na watoto wanagombana kutwa. Halafu unaniomba nikuchagulie rangi ya rido, mapazia ya madirisha. Rido nitakushonea, ndiyo kazi yangu. Ila kuna neno limenikaa rohoni.

Fotei mpya za kukalia umezifunika nailoni, na saloni, chumba cha wageni, unaifunga kwa ufunguo mpaka mgeni aje. Ninyi mnashinda kwenye chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa parsele. Dada yangu, mwanga wote wa nyumba mmempa mtu asiyelala humo!

Miaka kumi na mmoja naingia nyumba za watu na futi mkononi, katika mitaa ya hapa Lubumbashi: Katuba, Kenya, Bel-Air. Mwaka jana mjane mmoja aliniita nimshonee rido nzito za kahawia. Ilikuwa saa nne asubuhi na ampuli bado inawaka. Nilipoziteremsha zile za zamani ili nipime, jua likaingia, likatua kwenye mkeka, na mtoto wake mdogo akaja akajilaza palepale, shavu juu ya joto lile. Mama yule akamtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Acha kwanza." Mwishowe nilimshonea nyepesi za pamba, rangi ya maziwa. Fedha niliyopata ilikuwa ndogo, lakini sikujuta.

Na wataalamu wameliona hilo. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich aliandika juu ya wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kuondolewa mfuko wa nyongo. Wagonjwa 23 dirisha lao lilionyesha miti, wengine 23 lilionyesha ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na dawa kali za maumivu walizihitaji kidogo. Ukuta wa matofali, Mama Plamedi, kama wako! Upake chokaa nyeupe urudishe mwanga ndani, na chini yake panda marakuja. Mvua zikianza utaona majani.

Kule Ufini, Alvar Aalto alipojenga hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, iliyofunguliwa mwaka 1933, aliipaka plafo, yaani dari, kijani kilichotulia, kwa sababu mtu anayelala mchana kutwa hutazama juu. Hata masinki aliyaunda maji yatiririke bila kelele, jirani asiamshwe. Nampenda sana mtu huyu kwa hilo. Basi kabla ya kununua rangi yoyote, lala kitandani mwako, uone macho yanafikia wapi.

Ampuli nyeupe ya kibuluu itoe chumbani. Usiku inauambia mwili kwamba bado ni mchana. Weka ya manjano.

Unaikumbuka saloni ya marehemu baba yako? Fotei zilichakaa mikononi, na ukutani ipo picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki wa mtoni, nywele mpaka kiunoni, nyoka pembeni. Kila aliyeingia alianza kusimulia: nani alimwona mtoni, nani alipewa utajiri na akalipa kwa nini. Sisi tulikaa chini tukisikiliza mpaka usingizi ukatuchukua. Uliniambia picha hiyo umeichukua wewe na sasa iko chini ya matola, imefungwa gazeti. Itoe. Itundike mahali watoto wanapoiona wakikaa, hata kama hailingani na marumaru.

Nipimie madirisha: upana, na urefu kutoka kwenye fimbo mpaka sakafuni. Anza na ya saloni. Nitashona nyepesi, na nitamkabidhi shemeji akipita huku mwisho wa mwezi.

Nisalimie watoto wote.

Mwenzako,
Mama Gloria