Nyumba ya chai ukingoni mwa Msitu wa Ngezi

Konde, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana. Mchoro ulioutuma kwa boti umenifika salama, nami nimekaa nao siku tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa pupa. Mkono wako ni ule ule mzuri, lakini nyumba uliyoichora ni kubwa mno. Ina ukumbi wa watu 30, vioo pande tatu na sakafu ya saruji, na kwa kipimo hicho itanibidi niangushe mitondoo miwili pamoja na mvule ambao babu aliukuta umeshasimama. Hiyo ni hoteli, sahibu, si nyumba ya chai.

Unakumbuka kwamba jambo hili tulilianza kwa kuzungumzia Wajapani na nyumba zao za chai. Chumba cha Tai-an, kilichoko Yamazaki karibu na Kyoto, ambacho hunasibishwa na Sen no Rikyū, yule bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, kina ukubwa wa mikeka miwili tu ya tatami, na kila mkeka haufiki mita moja kwa mbili. Rikyū hakukosa kiwanja. Alimtumikia Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa pia na chumba cha chai kilichopambwa kwa dhahabu. Udogo ule ulikuwa wa kuchagua. Sisemi nasi tubanane kiasi hicho, maana chai yetu hainyweki bila ya mazungumzo na mahali pa kunyoosha miguu. Naomba mikeka minne na nusu, kipimo chao cha kawaida, yaani chumba cha mraba kisichofika mita tatu kila upande. Kwa kipimo hicho nyumba itakaa baina ya miti bila ya kukatwa hata mmoja.

Lililonifurahisha zaidi ni kuta. Za Tai-an ni za udongo uliochanganywa na mabua, na baadhi ya madirisha yake yamepatikana kwa kuacha kipande cha ukuta bila ya kukandikwa, fito zikabaki wazi na mwanga ukapenya kati yake. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Nyuma ya nyumba ya shangazi liko jiko la udongo ambalo mvua za masika zimelibandua ukuta kiasi cha sinia moja, na kila asubuhi jua huingia pale vipande vipande, likapita kwenye moshi hadi kwenye mdomo wa kinu. Shangazi kila mwaka anasema atapaziba. Nimemwomba angoje mpaka uje upaone, kwa sababu fundi wa kulitengeneza dirisha kama lile kwa makusudi yuko hapa hapa Konde, naye hahitaji kioo wala msumari. Anahitaji fito, kamba za usumba na udongo wa kichuguu.

Nguzo tusizichimbie. Wajapani wa zamani walizisimamisha juu ya mawe, na hapa kwetu nguzo iliyochimbiwa huanza kuliwa na mchwa kabla makuti hayajabadilika rangi. Ziwe za mvinje wa kupandwa. Boriti za mikoko sizitaki, hata nikiletewa mlangoni kwa bei ya kutupa. Paa liwe la makuti, na upenu ushuke sana ili mvua isiulambe ukuta. Najua utasema makuti hayadumu. Kweli hayadumu, lakini yaliyochoka yatarudi shambani kuwa mbolea, na mapya yatasukwa na majirani.

Kuhusu mlango, nakiri nimeshindwa. Mgeni wa Kijapani huingia kwa kutambaa kupitia kijilango kisichozidi sana sentimita 66 kwenda juu, upanga ukabaki nje, na mkubwa na mdogo wakainama sawasawa. Nilikata kipimo hicho kwenye boksi la friji, nikamwomba ami ajaribu. Alipenya mpaka mabegani, akarudi nyuma huku ameshika kiuno, akasema kwamba yeye alialikwa chai, hakualikwa kuingia shimo la kaa. Basi chora mlango wa kawaida ambao kizingiti chake cha juu kimeshuka kidogo, mtu ainamishe kichwa tu, na nje yake uweke baraza ya kuvulia viatu, mtungi na kata ya kunawia.

Wao huwa na moto wa mkaa ndani kwa ndani. Mimi, karibu na msitu na chini ya makuti, sithubutu; seredani itakaa kwenye kibanda chake mbali na paa, na birika litaletwa kwa mkono. Unga wa chai ya kijani sitauagiza pia. Mchaichai, mdalasini na iliki vitatosha, pamoja na halua ya Wete. Taa za nje nimezifuta kwenye mchoro wako kwa ajili ya popo, ambao usiku ndio wenye njia ile.

Mchoro mpya ukiwa tayari, njoo nao mwenyewe kabla ya masika. Nitakupokea bandarini Mkoani. Tafadhali usikawie, kwani shangazi ameshaniuliza mara mbili kama udongo wa kuzibia umeletwa.

Wassalaam,
Sahibu yako wa Konde