Kuongeza kina cha shimo la maji taka si dawa

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa kurasa zenu za ujenzi. Mnatuonyesha ramani za nyumba, mapaa na rangi za kuta, nami nimejifunza mengi. Leo naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo ramani hizo hazilionyeshi: maji ya chooni yanaishia wapi, hasa kwetu sisi tuliojenga mahali ambapo ukichimba kidogo tu unakutana na maji.

Kiwanja changu nilikinunua kiangazi. Fundi alichimba mita tatu, chini kukawa kukavu, tukajenga karo, yaani tangi la kupokea maji taka, na pembeni yake shimo la kunyonya, ambamo maji huzama ardhini. Mvua kubwa zilipoanza, shimo lilijaa hata kabla hatujahamia. Hakuna aliyekuwa ametumia choo. Ni maji ya ardhini yaliyopanda. Nikashauriwa niongeze kina. Ushauri huohuo bado nausikia wakipewa wengine, na ndio ulionisukuma kuandika.

Udongo husafisha maji taka pale tu unapokuwa na hewa ndani yake. Maji hupenya polepole, vijidudu vinanaswa na kufa njiani. Udongo ukishajaa maji, kazi hiyo inakoma, na uchafu unasafiri na maji ya ardhini hadi kwenye visima. Miongozo ya Sphere, inayofuatwa na mashirika ya misaada, inataka sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Kwa hiyo anayeongeza kina kwenye kiwanja cha namna hii anayafuata maji na kuyamwagia kinyesi.

Kipimo kinachofaa ni cha msimu wa mvua. Chimba shimo la majaribio, liache siku kadhaa, kisha pima maji yamesimama wapi. Kama ni kiangazi, utazame udongo wenyewe: ukiona rangi ya kijivu yenye madoa kama kutu, ujue maji hukaa hapo sehemu ya mwaka. Majirani wenye visima nao watakwambia mengi bila malipo.

Ukishajua kina hicho ndipo uchague mfumo. Palipo na nafasi, mimi naunga mkono tuta la mchanga. Karo lisilovuja linapokea uchafu, pampu inayapandisha maji kidogo kidogo hadi kwenye mabomba yenye matundu yaliyolazwa juu ya mchanga ulioletwa, na maji yanachujwa kabla ya kugusa ardhi ya asili. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilifanya kazi kubwa ya kuusanifu mfumo huu miaka ya 1970, kwa ajili ya viwanja vya aina hii hii. Unahitaji eneo, umeme, na mtu wa kuitazama pampu. Mitambo inayopuliza hewa ndani ya maji taka husafisha vizuri zaidi, ila umeme ukikatika muda mrefu usafishaji nao unadorora, na maji yanayotoka bado yanahitaji pa kwenda. Tangi lililozibwa kabisa ni la mwisho kwangu. Litamfaa mwenye uhakika kwamba gari la kunyonya uchafu litamfikia hata barabara ikiwa tope.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: tangi tupu huelea. Tangi la mita za ujazo 3 likizungukwa na maji mpaka juu husukumwa kwa nguvu ya takriban tani 3, na la plastiki lenyewe ni jepesi mno. Likipanda, mabomba yanakatika. Lifungwe kwenye bamba la zege tangu mwanzo, na lisinyonywe likabaki tupu wakati ardhi imejaa maji. Kabla ya kulifukia, lijazwe maji na kuachwa saa 24 ili kuona kama linavuja, kwa sababu ufa unaotoa uchafu kiangazi ndio unaoingiza maji wakati wa mvua.

Ombi langu kwenu ni hili: kila mnapochapa ramani ya nyumba, wekeni pia mchoro wa njia ya maji taka, na mwandike ni kwa kiwanja ambacho maji ya ardhini hufika kina gani wakati wa mvua. Mimi lile shimo la mita tatu nililifukia, nikaanza upya kwa tuta.

Msomaji wenu