Kwenda Marseille kwa treni: acha saa nne kati ya ndege na treni

Bibi mmoja wa Mji Mkongwe alikuwa anakwenda Marseille, kusini mwa Ufaransa, kumwangalia binti yake aliyejifungua. Ndege tulimkatia sisi, wakala wake wa safari. Treni alikatiwa na mpwa wake, kwa nia njema kabisa, tiketi ya bei ya chini kuliko zote. Ndege ilikuwa itue Paris 06:50, treni iondoke 08:58. Mpwa akahesabu saa mbili na dakika nane, akaona zinatosha.

Hazikutosha. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, mabegi yalichelewa kutoka, na treni yenyewe haikuwa inaondokea uwanja wa ndege bali stesheni ya mjini. Bibi alipofika, treni ilishakwenda na tiketi yake ilikwisha kazi. Tiketi ya treni iliyofuata, ikinunuliwa siku ileile, ilikuwa mara kadhaa ya bei ya ile ya kwanza. Akasimama peke yake katikati ya watu, hajui Kifaransa, na masanduku mawili yaliyojaa vitu vya mzazi. Mpaka leo jambo hili linatuuma, maana siku alipokuja ofisini hatukumuuliza swali moja: ukishatua Paris, unaendaje?

Sasa kila mteja wa Marseille tunamkalisha kitako kwanza. Nao si wachache. Mji ule una jamii kubwa ya Wangazija, na hapa Unguja, ambako nyumba nyingi zina damu ya Ngazija, maana yake ni kwamba watu wana wajomba na mashangazi kule. Harusi, uzazi, maziko, mtu anakwenda.

Jambo la kwanza tunaloangalia ni jina la stesheni, kwa sababu kuandikwa "Paris" peke yake hakutoshi. Paris ina stesheni kubwa kadhaa, na treni za kusini huondoka Gare de Lyon. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi huko unapanda treni ya mjini iitwayo RER B mpaka Châtelet-Les Halles, kisha unabadilisha kwenda RER A au D. Kijana mwenye begi moja hana taabu. Mtu mzima mwenye masanduku, hapana, hatumshauri.

Wengi hawajui kwamba ipo stesheni nyingine ndani ya uwanja wenyewe, pale Terminal 2, na kwenye tiketi huandikwa Aéroport Charles de Gaulle 2 TGV (TGV ni treni ya kasi ya Ufaransa). Kutoka hapo zipo treni za moja kwa moja hadi Marseille. Safari inakuwa ndefu kidogo, karibu saa nne, wakati kutoka Gare de Lyon ni saa tatu na kitu. Lakini hutoki nje, hubadilishi treni, hubebi mzigo kwenye ngazi za chini ya ardhi. Ukishuka Terminal 1, kuna kitreni cha bure cha CDGVAL kinachokupeleka Terminal 2. Shida ni kwamba treni hizi za moja kwa moja si nyingi kwa siku. Ndiyo maana tunaanza na ratiba ya treni, halafu ndipo tunatafuta ndege inayoendana nayo.

Tahadhari mbili za majina. Treni za bei nafuu za Ouigo nyingine huondokea Marne-la-Vallée Chessy, mashariki ya Paris, mbali na mjini na mbali na uwanja wa ndege. Na upande wa kufikia, stesheni unayoitaka ni Marseille Saint-Charles. Ukiona Aix-en-Provence TGV, hiyo iko nje ya mji, katikati ya mashamba, na ukishuka hapo utahitaji basi.

Sasa saa. Hapa ndipo makosa yanapozaliwa, na yanazaliwa kwetu sisi Waswahili zaidi kuliko kwa wengine. Tiketi ya Ufaransa hutumia saa ishirini na nne. 13:07 ni saa saba na dakika saba mchana. 07:07 ni saa moja na dakika saba asubuhi, wala si saa saba. Ongeza na tofauti ya majira: wakati wa kiangazi Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa baridi kwa saa mbili. Kwa hiyo karatasi tunayompa mteja tunaiandika mara mbili, ilivyo kwenye tiketi na inavyotamkwa nyumbani, na tunamwomba atusomee kwa sauti kabla hajaondoka. Milango ya treni hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka, na ikishafungwa haifunguliwi kwa mtu.

Saa nne tunazosema zihesabu kuanzia ndege inapotua. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwamo, zimeanza kuwachukua wageni alama za vidole na picha mpakani, na anayeingia mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Kama safari yote imo katika tiketi moja ya ndege na treni, aina inayoitwa TGV AIR, ndege ikichelewa kampuni ndiyo yenye jukumu la kukupatia treni nyingine. Ukinunua mbalimbali, hasara ni yako. Bei ikikaribiana, chukua ya pamoja bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu malipo, bei ya treni hupanda kadiri viti vinavyojaa, na mauzo hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo mapema ni nafuu. Lakini usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka. Ombi la Schengen linaruhusiwa kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Tunapendelea mteja akae na viza mkononi, alipe zaidi kidogo kwenye treni, kuliko kupoteza yote.

Mizigo haipimwi kwa kilo kama kwenye ndege, inahesabiwa kwa idadi. Treni za TGV INOUI, zile za kasi za kawaida, zinaruhusu masanduku mawili na mkoba mmoja, kila kimoja kiwe na jina lako. Ouigo bei yake ya kawaida inakupa begi dogo na mkoba tu, sanduku kubwa linalipiwa. Utalipandisha wewe mwenyewe, hakuna mchukuzi. Treni nyingi zina ghorofa, basi ukikata tiketi ya mzee omba kiti cha chini, kilichoandikwa "bas". "Voiture" ni namba ya behewa, "place" ni kiti. Aliyepanda SGR ya Dar hadi Dodoma atauelewa utaratibu huu mara moja, ila mwendo ule wa kilomita 160 kwa saa, kule Ufaransa unakaribia mara mbili. Njia ya kasi ilifika Marseille mwaka 2001, ndiyo maana kilomita 750 hivi kutoka Paris zinaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya safari, angalia pia kama kuna mgomo. Neno lao ni "grève". Treni ikifutwa kwa mgomo unarudishiwa pesa au unapewa nyingine, lakini ni lazima ujue mapema. Tuachie namba ya simu ya jamaa yako aliyeko kule, tutamwarifu na yeye.

Na huyo jamaa mwambie mahali hasa pa kusimama. Saint-Charles imejengwa juu ya kilima na ina ngazi 104 za mawe zinazoshuka mjini, nzuri sana kuziangalia, na kutoka juu unaliona kanisa la Notre-Dame de la Garde. Watu hupenda kupeana miadi "pale ngazini", mmoja akasubiri juu na mwingine chini. Reli zinaishia hapo stesheni, abiria wote hutokea upande mmoja. Jamaa asubiri ndani, mwisho wa reli, kwenye ubao wa treni zinazofika.