Unga wa mfupa kwenye taya la juu: si kila mtu anauhitaji

"Daktari, huo unga wa mfupa ni wa mnyama gani?" Swali hili tunaulizwa sana na waliong'olewa magego ya juu zamani, na sasa wanataka meno ya kupandikiza. Wana haki ya kuuliza. Unga huo huwekwa ili kuongeza mfupa uliopungua: upo wa ng'ombe, upo wa nguruwe, upo wa kiwandani. Lakini kwanza tupime kama unauhitaji.

Juu ya magego hayo kuna uwazi wenye hewa, sainasi. Gego likitoka, mfupa uliolishika huyeyuka kidogo kidogo na sainasi hushuka. Unaweza kubakiwa na mfupa wa milimita 5 tu, na kipandikizi, yaani skrubu inayokaa mfupani badala ya mzizi wa jino, kina milimita 8 au 10. Hapo ndipo unga hutumika, lakini ipo njia isiyouhitaji.

Sainasi imetandikwa utando mwembamba, kama ule unaoubandua ukimenya yai la kuchemsha. Baada ya ganzi, tunauinua taratibu, kisha tunafunga kipandikizi cha titaniamu. Ncha yake huushikilia utando kama nguzo ya hema. Damu yako hujaa pale chini, huganda, na humo ndimo mfupa mpya huota. Stefan Lundgren na wenzake wa Sweden waliieleza njia hii mwaka 2004.

Sharti lake ni moja: kipandikizi kikae imara siku ileile kwenye mfupa wa zamani. Ndiyo maana tunataka picha ya 3D. Eksirei ya kawaida haitoshi. Mfupa ukiwa chini ya milimita 4, tutakwambia wazi kwamba unga ndio salama zaidi. Na utando ukichanika sana katikati ya kazi, tunafunga fizi na kusubiri upone. Hatulazimishi.

Jino lenyewe huwekwa baada ya miezi 6 hivi. Wiki 2 za kwanza ndizo ngumu: usipenge kamasi, usinywe kwa mrija, usivute sigara, na chafya ikikujia ipige ukiwa umeachama. Presha ya pua inaweza kuusukuma utando na kuharibu damu iliyoganda, hata kama nje fizi inaonekana nzuri.

Ukija kupima, njoo na dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda na za mifupa. Mwenye kisukari aje na vipimo vyake vya karibuni. Na kama una mafua au sainasi inakusumbua, tutakutibu hiyo kwanza.