Picha ya Babu irudi Pangani

London, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Asalaam aleykum, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, tumeshaizoea. Ujumbe wa bati nimeupata: wako, wa Juma na wa Rehema, maana mmoja hautoshi! Pesa nimeshatuma, iko kwenye simu ya Rehema. Nunueni geji 28. Fundi asiwaletee yale mepesi halafu masika itukute tunahamisha magodoro. Na jirani akiuliza pesa imetoka wapi, mwambieni Mwanaidi siku hizi ndiye anayeongoza zamu ya usiku, na Wazungu wako chini yake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si bati. Ni picha ya Babu.

Mariamu alinipigia simu ya video akiwa Dar kwa Baba Mdogo Salehe. Katika kuzungukazunguka sebuleni nikaiona, imetundikwa chini ya kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kinavuja, Mama. Ubao wa fremu umevimba upande mmoja, na ukungu umeshafika kwenye kofia, pale penye viua alivyoshona Bibi kwa mkono wake. Nikamwambia Mariamu asogeze simu, akasogeza, nikaona bora nikate kabla ulimi haujanitoka. Hii ndiyo picha iliyoondoka baada ya arobaini kwa maneno ya "naenda kuisafisha".

Na hoja ya Baba Mdogo nimeisikia. Ati picha ilipigwa Tanga, Babu akiwa karani wa mkonge, nyumba ya Pangani haijajengwa hata msingi. Haikutoka Pangani, sasa irudi wapi? Nanyi wote mkanyamaza mkaona mzee kasema. Basi jibu ninalo.

Hapa London, Doughty Street namba 48, kuna nyumba aliyokaa mwandishi Charles Dickens kuanzia 1837 mpaka 1839, na mkewe na mtoto wao wa kwanza akiwa bado mchanga. Mwaka 1923 ilinusurika kuvunjwa, wapenzi wake wakaiokoa, na tangu 1925 ni makumbusho. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko kwa ajili ya picha moja tu, tena ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja. Aliichora mwanamke, Margaret Gillies, mwaka 1843, Dickens ana miaka 31. Nywele ndefu zimemfunika masikio, na amekugeukia juu ya bega kama mtu uliyemwita jina akiwa kazini. Macho yale, Mama! Nilisimama mpaka watu wakaanza kunipita.

Imechorwa kwa rangi za maji juu ya kipande cha pembe ya ndovu. Miaka hiyohiyo Sayyid Said yuko Unguja, na misafara inateremsha pembe Pangani kwetu, zinavushwa Unguja, zinapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani. Nikamwambia mama aliyekaa zamu mle chumbani kwamba huenda nasi tuna hisa yetu kwenye picha hiyo. Akacheka. Mimi sikuwa natania sana.

Ilionyeshwa hapa London mwaka 1844, kisha ikapotea. Mwaka 1886 mchoraji mwenyewe, kikongwe, alikuwa hajui iliko. Kumbe iko Afrika! Mwaka 2017 mtu mmoja huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alinunua mnadani vikorokoro kwa kama pauni 27 hivi, ndani yake mna kambakochi wa chuma, na pamoja naye picha chafu iliyoota ukungu. Akawaandikia wataalamu wa London, wakaisafisha, akatokea Dickens. Ilifikaje huko? Wanadhani ilifuata mashemeji wa binti aliyelelewa na yule mchoraji, maana walihamia Natal, upande uleule wa Pietermaritzburg. Umeona? Vitu vya familia vikishaingia mikononi mwa mashemeji na wakwe, kuvipata tena ni mnada.

Sasa Baba Mdogo asikilize hapa. Dickens alihama Doughty Street 1839. Picha ilichorwa 1843, anakaa kwingine kabisa. Kwa hiyo haikuwahi kutundikwa kwenye nyumba ile hata usiku mmoja wakati wake. Lakini ilipopatikana, hakuna aliyesimama kuuliza ilichorewa mtaa gani. Makumbusho yalichangisha pauni 180,000, kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 500, na Oktoba 2019 ikawekwa pale. Wametoa hela hizo watu ambao si ndugu zake. Sisi tunaombwa nauli ya basi kutoka Dar, tunashindwa.

Nilipotoka, mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao, isiyokatika wala isiyoeleweka. Nikatamani kukaa pale kwa Bi Chausiku na mkate wa kumimina wa moto, natazama kivuko kikienda Bweni. Haya, tuyaache hayo.

Najua utasema tumwache, ni mtu mzima, ni shemeji yako. Heshima yake iko palepale, na ukimwona mpe shikamoo yangu. Lakini akija kwenye hitma, Juma asome barua hii kwa sauti, asiruke palipoandikwa kiyoyozi. Mariamu ameshakubali kuibeba picha mwenyewe, ndani ya kanga kavu, si mfuko wa nailoni. Itundikwe ukuta wa ndani unaotazama mlango, si ule wa upepo wa bahari. Ukungu msiufute kwa kitambaa cha maji, mtaondoka na uso wa Babu. Pelekeni kwanza kwa mpiga picha Tanga ainakili.

Hela ya nakala na fremu mpya imo ndani ya ile ya bati. Rehema asiichanganye na mambo yake ya harusi.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi