Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Datsun za Wazee na Yaris za Vijana

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Yangu ni lile suala lililotuzozanisha mwaka mzima hapa klabuni kwetu Nakuru: je, magari ya mbio ya zamani na haya ya kisasa yaendelee kushindana katika kundi moja?

Nianze na namba. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, ilitoka kiwandani na injini ya silinda sita, lita 2.4, yenye nguvu farasi takriban 150, ikisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Toyota GR Yaris ya kununua dukani ina silinda tatu tu, lita 1.6, lakini kwa tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inapita farasi 250, na magurudumu yote manne yanavuta. Toyota walisema toleo lake la kwanza linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5.5. Breki nazo? 240Z ina diski mbele, nyuma ni ngoma. Wazee wangu, hapo tukubali yaishe.

Ila Safari ya enzi hizo haikuwa mchezo wa sekunde. Ilikimbiwa kwenye barabara za umma, penye malori na ng'ombe, na ikifika miaka ya sabini ilikuwa na kilomita zaidi ya 5,000, mara nyingi kwenye matope ya Pasaka. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba, Peugeot 404 ya Nick Nowicki ikiongoza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mshindi akawa Nowicki yuleyule. Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya 2021, makao yakiwa Naivasha, kilomita zinazopimwa muda ni mia tatu na ushei, barabara zimefungwa na mafundi wanangoja kambini. Mawe ya njia za Elmenteita na Soysambu bado yanavunja magari, msinielewe vibaya, lakini kazi iliyotakiwa kwa gari ni nyingine kabisa.

Tofauti hiyo tunaiona hata kwetu. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikiziba, fundi wa jua kali anaifungua kando ya njia, anaipuliza, mnaondoka. Kwenye gari la kisasa kihisi (sensa) cha injini kikifa, kompyuta inakata nguvu na utasubiri mwenye mashine ya kupima. Wenye magari ya zamani nao wasijigambe sana: mnajua wenyewe jinsi vipuri vinavyosakwa hadi ng'ambo, na bei yake hatuwaambii wake zetu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza makundi mawili. Magari yaliyoundwa kabla ya 1980 yasipimwe kwa kasi, bali kwa dereva kurudia muda wake: mzunguko wa pili ukikaribiana zaidi na wa kwanza, ndiye mshindi. Ya kisasa yaendelee kushindana kwa saa. Makundi yote mawili yawe na fremu ya chuma ndani, mikanda ya mbio na kizimamoto. Kwa ya zamani hili ni la lazima zaidi, kwa sababu yaliundwa kabla ya mifuko ya hewa kuwa ya kawaida, na usukani wa baadhi yake unaelekea moja kwa moja kifuani mwa dereva.

Kura itapigwa baada ya chai. Ambaye hajalipa ada atasikiliza tu.

Mwenyekiti