Barua kwa Mwanangu Anayelilia Mlimani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shangazi yako amenieleza kwamba tangu majina ya udahili yatoke huli vizuri, na kwamba unataka kukaa mwaka mzima bila kusoma ili uombe tena Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa maneno yako, hakimfikishi mtu popote katika sheria. Baba yako alitaka akupigie simu usiku uleule, lakini alikuwa na hasira, nami nikaona ni heri jambo hili liandikwe.

Sitakudanganya kwamba jina la chuo ni kitu cha bure. Nimekaa masjala ya mahakama miaka 27, nikipokea majalada na kupanga tarehe za mashauri, na nimewasikia mawakili wazee wakiulizana kwenye korido, "Wewe ulimaliza mwaka gani?" Hakuna aliyeuliza chuo gani, kwa sababu kwa kizazi chao jibu lilikuwa moja tu. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokianzisha chuo kile Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 14 katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, na kwa miongo kadhaa baadaye hapakuwa na mahali pengine nchini pa kusomea shahada ya sheria. Kwa hiyo unapowahesabu majaji na mawakili wakongwe ukakuta karibu wote ni wa Mlimani, ujue unachohesabu ni umri wao. Hawakuwa na chuo kingine cha kuchagua. Sifa iliyotokana na upekee huo ingalipo, na wengine walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Jaji Mkuu mstaafu Ibrahim Juma, kwa mfano, alikuwa mwalimu huko kabla ya kupanda kitini. Mtu akisoma mahali ambapo mwalimu wake kesho anaweza kuwa jaji, si haba.

Ile orodha ya shule bora za sheria aliyokutumia binamu yako nimeisoma pia. Ni ya Marekani, na huko mambo yana mpangilio wake. Jarida la U.S. News & World Report linapanga shule za sheria kwa namba kila mwaka, na ofisi kubwa za mawakili huchagua vijana zikitazama shule na alama za mwaka wa kwanza, yaani kabla hawajamaliza hata nusu ya masomo. Ndiyo maana kati ya majaji 9 wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, 8 walipita Harvard au Yale. Hata hivyo, Novemba 2022 shule hizohizo mbili zilitangaza kwamba hazitashiriki tena katika upangaji huo, na Yale ilieleza kuwa unaziadhibu shule zinazowasaidia wanafunzi wenye uhitaji na wanaokwenda kufanya kazi za kutetea umma. (Na yule Robert Jackson aliyeongoza mashtaka ya Marekani dhidi ya viongozi wa Wanazi kule Nuremberg, naye akiwa jaji wa mahakama hiyohiyo, alikaa shule ya sheria mwaka mmoja tu, mengine alijifunzia ofisini kwa wakili.)

Kwetu mchujo hauko mlangoni pa chuo kikuu. Uko Dar es Salaam, Barabara ya Sam Nujoma, katika ile taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo ambayo ninyi vijana mnaiita Law School. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na asiyeivuka haapishwi kuwa wakili hata shahada yake iwe ya wapi. Bila shaka unakumbuka kelele za mwaka 2022, pale waliofanya mitihani walipokuwa 633 na waliofaulu moja kwa moja wakawa 26, huku 342 wakitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakishindwa kabisa, hata Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Watu walibishana sana kuhusu nani alaumiwe. Mimi nilichokitazama ni kwamba karatasi ile ya mtihani hugawiwa wote, wa Mlimani na wa kwingine, katika chumba kimoja na kwa saa zilezile.

Nikueleze nililoliona kwa macho yangu. Aliwahi kuja wakili mmoja mwenye shahada ya pili ya Ulaya, suti yake ukiigusa unaogopa, akafungua maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Hati yake ya kiapo haikuwa na sehemu ya uthibitisho, pale mwapaji anapoeleza yapi anayajua mwenyewe na yapi ameambiwa. Upande wa pili alisimama kijana aliyesoma chuo ambacho wewe ungekicheka, akatoa pingamizi la awali kwa maneno yasiyofika kumi. Maombi yakaondolewa mahakamani siku ileile, na mteja wa yule wakili wa suti, mama mwenye shamba, akatoka nje akiniuliza mimi, karani, kilichotokea ni nini. Nilishindwa kumjibu. Kosa lilikuwa la mtu aliyelipwa vizuri ambaye hakuisoma tena karatasi yake kabla ya kuileta dirishani kwangu.

Kuhusu ajira, za serikali nyingi zinapita Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili wa kuandika kisha wa mahojiano. Ofisi kubwa za mawakili za Dar es Salaam ni habari nyingine. Baadhi huanza na wanaowafahamu, na huko aliyetoka Mlimani ana watu wa kumtaja. Hilo siwezi kukufutia, utalifidia kwa alama zako na kwa kujitolea ofisini kwa mtu wakati wenzako wako likizo.

Lakini fikiri pia unachokiacha. Zamani hukumu za Mahakama ya Rufani zilikuwa kwenye maktaba chache, na aliye mbali na maktaba alikuwa mbali na sheria. Leo zipo kwenye tovuti ya TanzLII, unazisoma bure kwenye simu hiyohiyo unayoitumia kulalamika. Bunge liko hapa, Wizara ya Katiba na Sheria iko Mtumba, na makao makuu ya Mahakama yaliyozinduliwa mwaka 2025 yako hapahapa Dodoma. Mashauri husikilizwa hadharani. Unavaa vizuri, unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza jinsi jaji anavyomuuliza wakili swali ambalo hakulitarajia. Kiswahili nacho kimekuwa lugha ya mahakama tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, ila mitihani yako itakuwa ya Kiingereza, kwa hiyo ukiandike kila siku. Hapo ndipo ninapokuhofia, si kwenye jina la chuo.

Umechaguliwa vyuo viwili, kwa hiyo unatakiwa uthibitishe kimoja kwa ile namba ya siri waliyokutumia, na dirisha linafungwa wiki ijayo. Vyeti vyako halisi viko kwangu kwenye sanduku la bati, nimevitolea nakala nne. Ukiamua kuja, panda treni ya asubuhi, baba yako atakusubiri stesheni. Amekwishatulia, na ameanza kuwaambia majirani kwamba nyumba hii itakuwa na wakili, jambo nililomwomba asilifanye kwanza.

Msalimie shangazi yako, na umwambie zabibu zake zimefungwa tayari.

Mimi mama yako,
Dodoma